Nicolaus Aliniita kwa Jina

Siku hizi nikipita barabarani watu wananishika mkono kwa mikono miwili. Akina mama wa kwaya wananiletea mayai. Padre alinitaja kwa jina, Werema, kanisani mbele ya waumini wote, akasema watu wa namna yangu wamebaki wachache. Nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Wananiudhi wote, na sina haki ya kuudhiwa na mtu yeyote. Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana yanayosemwa ni nusu tu ya habari.

Mimi ni mkulima, upande huu wa Butiama, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kiabakari. Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Monika, nyumba kumi na moja, na kati ya hizo zenye maksai ni nne: kwangu, kwa Dorotea mjane, kwa katekista Eliasi na kwa Nicolaus. Kila nyumba maksai mmoja. Kwa asiyejua kilimo chetu nimwambie kwamba maksai mmoja ni pambo la zizi. Udongo wetu mzito, plau inataka wanne, wawili wawili kwenye nira. Kwa hiyo ukigombana na mmoja wa wenzako mvua zikianza, umegombana na tumbo lako mwenyewe. Mimi na Dorotea tuliwahi kununiana miezi sita kwa sababu ya mpaka wa shamba, lakini kila wiki tulilima pamoja, yeye akiongoza mbele, mimi nimeshika plau, na matusi yetu yote tukimwambia maksai wangu, Diwani. Nilimpa jina hilo kwa sababu anakula sana na kazi anaikwepa. Siku tulipopatana, Dorotea aliniambia Diwani ameomba msamaha kwa niaba yangu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Nicolaus aliugua. Malaria ilimshika, ikaiachia taifodi nafasi, na wiki mbili zikapita hajainuka. Mvua ilikuwa inanyesha, majirani wameshapanda, shamba lake limejaa majani mpaka magotini. Alhamisi jumuiya ilisali nyumbani kwake. Baada ya sala Eliasi akasema Jumamosi tunalima kwa Nicolaus, hakuna aliyebisha. Ijumaa jioni, mvua ikiwa imetoka kunyesha, tukawavusha kijito maksai watatu, wangu, wa Dorotea na wa Eliasi, tukawalaza zizini kwake ili kesho tusichelewe. Alfajiri tukawatoa wote wanne pamoja na wake. Tukapita nao juu ya majabali yaliyo nyuma ya nyumba, njia ya mkato, tukashuka bondeni shambani. Ghati, mke wa Nicolaus, akaja nasi kudondosha mbegu, na watoto walikuwa kwa bibi yao. Nicolaus alibaki kitandani peke yake.

Yafuatayo nilikuja kuyajua baadaye. Usiku ule, kijiji cha pili, wezi waliingia kwa bwana mmoja aitwaye Jastin wakatoa ng'ombe watatu. Kwetu wizi wa ng'ombe una sheria yake ya zamani: nyayo zinafuatwa, na zinapoishia hapo ndipo pa kujibu. Wezi wale waliijua sheria hiyo. Walipofika kijitoni waliwaswaga ng'ombe ndani ya maji, wakaenda nao mbali sana kabla ya kupanda ukingo. Kulipopambazuka Jastin na watu wake wakafika kwenye kivuko chetu, wakaona nyayo mbichi za ng'ombe watatu zikitoka majini. Zilikuwa za maksai wetu wa jana jioni. Wakazifuata mpaka kwa Nicolaus. Wakakuta zizi tupu, mavi mabichi, na nyuma ya nyumba majabali ambayo hayashiki unyayo.

Nicolaus aliwaambia ng'ombe walikuwa wa jumuiya. Walicheka. Mmoja akamuuliza tangu lini jumuiya inalala na ng'ombe badala ya kusali. Kisha wakamvuta miguu kutoka kitandani, kichwa chake kikigonga ngazi za mlangoni, wakamburuta mpaka barabarani, wakampigia yowe.

Sisi bondeni tulilisikia yowe kama saa moja na nusu asubuhi. Lilitoka upande wa barabara, penye mashine ya kusaga, likapokelewa kilima hadi kilima. Yowe likilia kwetu mtu haulizi. Unaacha ulichoshika unakimbia, mwanamume kwa mwanamke, na silaha yoyote iliyo karibu. Asiyekwenda anatozwa, na mwaka ukifika wa kuibiwa yeye, atalia yowe na kunguru. Tulimwacha Ghati na maksai wakiwa bado wamefungwa nira. Mimi nilikimbia na fimbo ya kuswagia, ya mkwaju, nene na nzito. Dorotea alibeba jembe. Eliasi ana miaka sabini na miwili, alibaki nyuma akitembea haraka na kukohoa.

Sheria ya pili, na hii hamtaisikia kwenye mahubiri: ukifika kwenye yowe unapiga. Wanaopiga wote ni kitu kimoja, hakuna atakayesimama kesho kumtaja mwenzake. Anayefika akakunja mikono anatazamwa. Watu wanaanza kuulizana huyu analindana na nani. Nimepiga wezi wawili maishani kabla ya siku ile, mmoja alikufa, na nililala usingizi.

Nilipofika walikuwa watu mia au zaidi, na vumbi halikuwepo kwa sababu ya mvua, ni tope tupu. Nilipenya kwa viwiko. Katikati kulikuwa na mtu uchi, amelala kifudifudi, mwili mzima umepakwa tope na damu hata huoni ngozi. Kijana mmoja alikuwa anamkanyaga mgongoni kwa buti za mvua. Mwingine alimpiga tofali begani, likapasuka, akaokota kipande kikubwa akapiga tena. Kila alipopigwa alitoa sauti ndogo, hewa tu. Nami damu ilinipanda. Sitasema nilisukumwa, sitasema shetani. Nilikuwa na hasira ya ng'ombe wangu mwenyewe walioibwa miaka minne nyuma, wawili, na hasira hiyo ilikuwa imekaa inasubiri mtu.

Yule mtu akageuka chali. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga, nywele zimegandana. Akainua mkono kujikinga nami nikaupiga. Nilisikia mfupa. Wote waliokuwa karibu walisikia, mmoja akasema "Aah, hapo!" kama mtu anayetazama mpira.

Ndipo yule mtu akasema, "Werema."

Nilisikia vizuri kabisa. Mwizi ananijua jina! Hilo ndilo lililonijia kichwani, na sekunde hiyo hiyo nikaona watu wawili watatu wamegeuza shingo kunitazama. Mwizi anayekuita kwa jina mbele ya watu mia amekuvuta ulale naye pale chini. Nikainua fimbo kwa mikono miwili nikampiga mdomoni. Meno yalitoka. Hakusema tena jina la mtu yeyote.

Niliinua fimbo mara ya tatu. Alikuwa anarusharusha miguu, na mguu wa kushoto uliteleza kwenye dimbwi, maji yakauosha. Haukuwa na kidole gumba wala kile kinachofuata. Vidole hivyo nilivijua. Vilikatwa na plau shambani kwangu mwaka juzi, Diwani aliporuka nira, na mimi mwenyewe ndiye niliyevifunga kwenye jani la mgomba nikidhani daktari atavirudisha.

Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka nimelala juu yake, na fimbo na mawe na mateke sasa ni yangu. Mtu alinipiga nyuma ya kichwa na kitu cha chuma nikaona giza, halafu nikaona tena. "Ni Nicolaus!" nilisema. "Ni mgonjwa! Ni Nicolaus wa Monika!" Wakaniambia na wewe ni mwizi. Mtu alisema, "Si nilisikia anamwita? Wanajuana hawa!" Wakanivuta miguu. Nilikuwa nimemkumbatia, akavutika pamoja nami kwenye tope, na ule mkono wake uliovunjika ukaburuzika.

Dorotea alifika hapo. Mwanamke yule ana mabega ya kupakia magunia. Alizungusha jembe likapiga goti la mtu, nafasi ikapatikana, akasimama kichwani kwetu akiwatukana mmoja mmoja. Jastin mwenyewe ndiye aliyemshika jembe. Hakuwa mtu mbaya wa sura, alikuwa amechoka na macho yamewiva kwa kukesha.

"Mama, toka," alisema. "Nyayo zimeingia kwake. Tatu. Nimezifuata mimi kwa macho yangu."

"Ni maksai wetu hao! Tunamlimiaga huyu, ni mgonjwa! Wako shambani sasa hivi na mke wake!"

"Kawalete."

"Nikienda mtamuua."

"Kawalete, au utoke."

Dorotea alinitazama. Nikamwambia nenda. Akatupa jembe akakimbia, mama wa miaka hamsini na tano, kanga imefungwa kiunoni.

Walikuwa wamekwisha kutoa petroli kwenye pikipiki. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa. Kijana wa buti alitumwagia, akaanza na miguu akamalizia kichwani kwangu. Iliingia kwenye jeraha la kisogo nikauma sikio la Nicolaus bila kutaka. Yeye chini yangu alikuwa anatetemeka kwa homa au kwa maumivu, na damu ya mdomo wake ilikuwa inanitiririkia shingoni. Jastin alishika kiberiti. Nilijua Dorotea hawezi kwenda na kurudi kabla hasira ya watu wale haijapata kazi.

Nilisikia kikohozi. Eliasi alifika, mzee wa watu, amechoka hana pumzi. Alitazama, akauliza ni nani. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akaishika, akalala kwenye petroli ubavuni mwetu, polepole, mkono mmoja ukitangulia, kama anavyolala mtu mwenye mgongo mbaya.

"Katekista, inuka," Jastin akasema. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Washa kwanza."

"Mzee, hii si kanisa."

"Najua. Nilimzikaga mama yako, Jastin. Mvua ilikata barabara, padre hakufika, ndugu zako wakakwama Bunda. Nani alichimba kaburi? Jibu, watu wasikie."

Jastin alikitazama kiberiti mkononi.

"Nicolaus alichimba. Siku hiyo alikuwa na vidole vyake vyote. Sasa washa. Halafu utafute wa kukuzika wewe, maana sisi hatutakuwepo, na hawa ulionao hapa ni wa kupiga tu. We wa jumuiya ya Mtakatifu Ana, nakuona, acha kujificha. Na we wa Yosefu. Kabla hajaugua mlikuwa mnapeana naye amani kila Jumapili."

Watu walinung'unika. Kijana wa buti akasema acha maneno, washa. Akataka kumpokonya Jastin kile kiberiti, wakavutana, Jastin akamtandika kofi lililosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Wakaanza kupigana wao kwa wao, nusu wanataka kuchoma, nusu wanataka kusubiri, na sisi chini tunakanyagwa na pande zote mbili. Mtu alivunja ubavu mmoja wa Eliasi kwa kisigino, hakuna aliyejua ni nani. Njiti moja iliwaka kweli. Niliiona, ilianguka kwenye dimbwi nusu hatua kutoka mguuni kwangu ikazimika.

Maksai walikuja wanakimbia, nira shingoni, Dorotea nyuma na kiboko. Ghati alikuwa mbele. Yeye hakuambiwa ni nani aliyelala, Dorotea hakuwa na moyo wa kumwambia, lakini alipasua watu akamwona mumewe, akapiga magoti akaanza kumfuta tope kwa viganja, kwanza machoni, halafu puani, bila kulia. Jastin aliwaendea maksai. Aliinama, akashika kwato ya Diwani, akaichunguza, ina mpasuko upande wa ndani. Kisha akatoka peke yake mpaka njia iendayo kwa Nicolaus, akapima unyayo kwa kiganja, akauona mpasuko ule ule. Aliporudi alikaa chini barabarani akashika kichwa.

Baada ya hapo kila mtu alikumbuka kwamba ana kazi nyumbani. Ndani ya dakika kumi tulibaki sisi, Jastin, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye alikuwa amefunga mlango wake kwa ndani tangu mwanzo. Jastin ndiye aliyetafuta gari. Kituo cha afya cha Kiabakari walitusafisha, wakasema huyu hatuwezi, pelekeni Musoma.

Siku ya tatu wale ng'ombe watatu walikamatwa Kabasa, pale Bunda, wanataka kupakiwa lori, pamoja na wanaume wawili ambao Nicolaus hajawahi kuwaona. Polisi walikuja kijijini kuuliza nani alimpiga Nicolaus. Walijibiwa na kila nyumba kwamba waliopiga ni watu wasiojulikana. Mimi nilionyesha nyuzi tisa za kisogoni. Afisa akaniambia pole, mzee, wewe ni shujaa, akaandika jina langu upande wa mashahidi.

Jumuiya ilipanga zamu za kukaa na mgonjwa Musoma, siku mbili mbili, maana Ghati hawezi peke yake na ana watoto watano. Zamu yangu ilikuwa ya nne. Ningeweza kusingizia kisogo. Nilikwenda.

Walikuwa wamemfunga mkono plasta, mbavu bandeji, jicho moja madaktari walikuwa bado hawajui kama litaona. Midomo ilikuwa imeshonwa. Alikunywa uji mwembamba kwa kijiko, kidogo kidogo, na nusu ilirudi kidevuni. Ghati alikwenda kufua. Nilichota, nikalisha, nikafuta. Kijiko cha tano au cha sita nilikirudisha kwenye bakuli.

"Nicolaus, kuna neno."

"Nalijua," alisema. Meno ya mbele hayakuwepo, maneno yalitoka na mate.

"Hulijui."

"Si nilikuita? Nilikuita mara mbili. Ya kwanza kelele zilikuwa nyingi. Ya pili ulisikia."

Niliweka bakuli chini. Nililia, mtu mzima, wodini mbele ya wagonjwa kumi na mbili. Nilimwambia nilidhani ni mwizi ananivuta. Akasema anajua nilichodhani, aliona machoni. Nilimwambia alipotoa sauti nilipaswa kuijua, miaka ishirini tunaimba besi benchi moja.

"Alhamisi nitasema," nikamwambia. "Mbele ya jumuiya yote. Halafu nitakwenda Butiama kwa polisi niseme."

"Husemi kitu."

"Nicolaus—"

"Nyamaza, nachoka kuongea. Ukisema, Ghati hataingia kwako tena. Dorotea atatoa maksai wake. Eliasi atasema tusali kwanza, na tukimaliza kusali mvua imekwisha. Nitabaki na nani? Tazama huu mkono. Daktari anasema mwaka. Nina watoto watano, Werema, na wewe una maksai na mikono miwili. Utalima kwangu kwanza, halafu kwako. Mwaka huu, na mwaka ujao, na mpaka niseme basi."

"Nitalima. Hata ungesema milele." Nikashika ukingo wa kitanda. "Basi umenisamehe?"

Aligeuza lile jicho moja.

"Nani kasema? Msamaha muombe Mungu, yeye anao wa bure. Mimi ninachotaka ni mahindi."

Ghati aliingia na beseni la nguo zilizokamuliwa. Aliniona na machozi, naye ya kwake yakamtoka, aliyokuwa ameyashikilia tangu siku ile ya tope. Aliweka beseni, akaja akapiga goti mbele yangu sakafuni, akanishika mikono yote miwili.

"Baba Susana," alisema, "bila wewe mimi leo ni mjane. Mikono hii Mungu aibariki. Nasema mbele ya watu wote hawa, Mungu aibariki."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatazama. Nilimtazama Nicolaus.

"Mwitikie," akasema. "Mama anakuombea baraka. Mwitikie."

"Amina," nikasema.

"Haya," akasema Nicolaus, "uji unapoa," akafungua mdomo.